Sahani moja ya Keshero iko na kalori ngapi? Tulikwenda na balansi

Mwenzetu mumoja wa hapa ku jarida alitoka ku hospitali na karatasi mbili. Ya kwanza ilibeba kipimo cha sukari, na hakikuwa kizuri. Ya pili ilikuwa na maneno matatu ya mukono wa muganga: « apunguze chakula, atembee ». Apunguze kiasi gani, hakuna mwenye alimwambia. Yeye anakaa mbali, Majengo. Kazi inamuleta Keshero karibu kila siku, na saa sita ikifika anakula mu malewa, sahani ya 3 000 franka, sawa sisi wote. Siku moja tukiwa mezani akatuuliza ulizo lenye lilitufunga kinywa: « Basi hii sahani, iko na ngapi ndani? »

Bei tunajua. Tunajua pia mama gani anatiaka karanga mu sombe, na wapi maharagi inakuwaka na mawe. Kwa kalori, tulinyamaza.

Na haiko eti neno lenyewe ni geni. Goma ni mji wenye neno « kalori » liliingia kwa mulango wa njaa. Wenye walifanya kazi ku kambi za Bulengo, Mugunga ao Rusayo wanajua 2 100 kwa kichwa: ndicho kipimo chenye mashirika ya misaada yanafuata kwa kupanga chakula cha mutu mumoja kwa siku moja. Mama mwenye mutoto wake alitibiwa utapiamlo anajua sasheti ya Plumpy'Nut: gramu 92, kalori 500, iko imeandikwa pale juu. Chakula cha mutu mwenye hana kitu kimehesabiwa mpaka gramu ya mwisho. Sahani ya mutu mwenye amenunua kwa franka yake, hakuna mwenye anaihesabu.

Basi tukaazima balansi ndogo ya jikoni kwa dada mumoja mwenye anatengenezaka gato za arusi, tukaifunga ndani ya kitambaa, tukapanda moto.

Mafungu matatu tu ya kukamata

Mbele ya kufika, tupitishe hesabu haraka, juu bila yenyewe balansi haisaidie kitu. Kalori ni kipimo cha nguvu, sawa litre ni kipimo cha mafuta ya taa. (Wenye sayansi wanasema kilokalori, lakini ku karatasi za biskwi na ku kinywa cha watu wote ni « kalori », na sisi tutabaki pale.) Mumarekani mumoja, Wilbur Atwater, mwisho wa miaka ya 1800, alipima vyakula kwa wingi na kutoa hesabu yenye dunia ingali inatumia mpaka leo: gramu moja ya unga ao sukari inatoa kalori 4, gramu moja ya protini, ile ya maharagi, nyama na samaki, 4 vilevile, gramu moja ya mafuta, 9. Pombe iko katikati, 7. Maji, sifuri.

Pale tu, mutu mwenye kufikiri anaona mambo mawili. Chakula chenye maji mingi ni chepesi hata kikijaza sahani. Na mafuta, hata kidogo, ni mazito zaidi ya mara mbili.

Kuko pia jedwali za vyakula vya Afrika. FAO ilitoa moja mu 1968, Tanzania ikatoa yake mu 2008, Kenya mu 2018. Yetu sisi tunaitafuta kwa majirani, na haiko mubaya: muhogo wa Kigoma na muhogo wa Minova havipishane sana. Lakini jedwali inapima kilo ya bunga ao kilo ya maharagi. Haikupe mukono wa mama mwenye anapakua.

Mama hakukataa, alicheka

Malewa yenyewe iko pembeni ya barabara ya Sake, mbao ine na mabati, benchi mbili, sufuria tano zimepangwa juu ya mbabula, moshi ya makala inakuingia mu macho mbele hata ya kusalimia. Kutoka pale mpaka Kituku, kwenye mitumbwi inashusha muhogo, ndizi na sombe za ngambo ya Minova, haiko mbali. Asubuhi mama anatumaka mutoto wake pale, anarudi na mifuko imemupita kichwa.

Tukamwambia tunataka kupima sahani. Aliangalia balansi, akatuangalia sisi.

« Munatoka ku taxe? »

« Hapana mama, ni ya jarida. Tunataka kujua kalori. »

« Kalori! » Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. « Mimi niko napika miaka kumi hapa. Banaulizaka kama iko nyama, banaulizaka kama iko deni. Ile ya kalori, njo ya kwanza. Basi pimeni, lakini mutalipa. »

Tukalipa mbele, na pale roho yake ikatulia.

Tulianza na bugali. Ile pande moja ya mu sasheti, yenye kila mutu anapewa bila kuuliza kama ni mwanaume ao mwanamuke, mukubwa ao mutoto wa masomo: gramu 600 na kidogo. Tukapima ya pili, 580. Ya tatu, 620. Mukono wa mama ni balansi ingine, tena ya kweli.

Sasa hesabu. Kilo moja ya bunga, ya muhogo ao ya mahindi, inabeba karibu kalori 3 500. Mama anasema kwa kilo moja ya bunga anatia kama litre mbili za maji. Ukitosha ile yenye inakwenda na mvuke, unabaki na kilo mbili na nusu mpaka tatu za bugali. Ile ni karibu kalori 120 kwa kila gramu 100. Pande moja ya gramu 600, basi, ni karibu 720. Hatujagusa mboga.

Mwenzetu aliandika 720 ndani ya kitabu chake, akaipigia mustari mara mbili. Akasema, kidogo na hasira: « Na mimi njo ilikuwa naona ni nyama inaniua. »

Juu tangu ile karatasi ya muganga, yeye alikuwa ameacha nyama. Alikuwa anaomba sombe mara mbili. Majani, si ndiyo? Mboga. Kitu cha afya.

Tukamuuliza mama: sufuria ya sombe, unatia mafuta ngapi, na inatoa sahani ngapi? Alitujibu bila kuzungukazunguka, na hapa tunamushukuru, juu wengine walitufukuza kwa ulizo hilohilo. Litre moja ya mawese. Sahani makumi mbili.

Litre moja ya mafuta ni karibu gramu 920. Mara 9, ni karibu 8 200. Gawa kwa 20: kalori 410 za mafuta tu ndani ya upawa mumoja wa sombe. Ni sawa umekunywa vijiko vikubwa vitatu vya mawese, na kidogo juu. Majani yenyewe yanaongeza pengine 50. Kwa hiyo upawa mumoja ni kama 460, karibu sasheti nzima ya Plumpy'Nut, na mwenzetu alikuwa anakula mbili.

Brosheti ya mbuzi yenye aliikimbia, tuliipima: nyama gramu 90. Mbuzi haiko na mafuta mingi. Hata ukihesabu ile yenye wanapakaza ku moto, haifike 200.

Mwenzetu alinyamaza. Mama naye alinyamaza, akaangalia sufuria yake sawa mutu mwenye wamemusemea mutoto wake. Kisha akasema: « Lakini bila mafuta, sombe haikuliki. Banasema mama amekuwa na choyo. »

Iko na haki. Mu Goma mafuta ndiyo heshima. Sombe yenye haiangaze juu, muteja anasukuma sahani na kesho anakula kwa jirani. Hatukukwenda pale kumufundisha kupika, na kama kuna mwenye anafikiri anaweza kupikia watu wa Keshero sombe ya maji tupu, akodi mbao ine ajaribu.

Ulizo moja linatosha

Lakini ile hesabu ya sombe ndiyo tuliyorudi nayo, na ndiyo tunataka msomaji aibebe. Balansi si lazima. Ulizo ni moja: mafuta ngapi mu sufuria, sahani ngapi zinatoka? Litre ni 8 200. Nusu litre ni 4 100. Unagawa, umepata. Kwa maharagi ya mama yuleyule ilikuwa nusu litre kwa sahani 25, maana yake 165 za mafuta. Maharagi yenyewe, upawa wa gramu 150, ni kama 190. Pamoja, 355. Na ni chakula kizuri: kinakaa mu tumbo mpaka jioni, kiko na protini, na hakipandishe sukari mbio sawa bugali.

Jumla ya sahani kamili, bugali, maharagi na sombe: kalori 1 500 na zaidi. Sasheti tatu za Plumpy'Nut. Ukiongeza Fanta moja ya cl 33, karibu 140. Ukingoja jioni ukakunywa Primus moja kubwa ya cl 72, karibu 300, na hakuna mutu amewahi kusema Primus imemushibisha.

Kama mama hataki kujibu, ao uko mu resto ya watu wengi na unaona haya, mukono wako ni balansi. Tulijaribu: bugali yenye inalingana na ngumi ya mwenzetu ilikuwa gramu 240, maana yake karibu 290. Pande la mama ni ngumi mbili na nusu. Nyama ao samaki ya ukubwa wa kiganja, bila vidole, ni kama gramu 100. Kidole gumba kizima ni kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, 120. Ngumi ya mutu munene ni nene, ya mutu mwembamba ni ndogo, na haiko mubaya, juu na mahitaji yao yanapishana vilevile.

Kwa vingine tutapita mbio. Viazi vya Masisi vya kuchemsha ni karibu 85 kwa gramu 100. Vilevile vikiwa frite vinafika 300. Kiazi ni kimoja, ni mafuta yameingia na maji yametoka. Sambaza, hiyo dagaa yenye ilitoka Tanganyika na kutiwa mu Kivu mu 1959, ya kuchemsha na tomati ni nyepesi. Ya kukaranga inakunywa mafuta kwa ngozi yake yote, juu ni ndogo na ngozi ni mingi. Avoka nusu ni kama 160, lakini ni mafuta mazuri, tusiionee. Na chai ya asubuhi: beignet mbili za barabarani, kila moja karibu 200, na kopo ya chai yenye mama amekwisha kutia sukari ndani ya thermos, vijiko ine bila kukuuliza. Pale umefika 470 na saa mbili haijalia.

Ulaya na Marekani, hii kazi wameipa sheria. New York ilianza mu 2008 kulazimisha resto zenye matawi mingi kuandika kalori pembeni ya bei. Uingereza ilifuata mwezi wa ine 2022, kwa kampuni zenye wafanyakazi 250 na zaidi. Mama wetu iko na wafanyakazi wawili, na mumoja ni mutoto wake. Sheria ya namna ile haitamufikia, na hatuitamani. Ubao wake uko na « LEO: SOMBE, MADESU, MUCHELE », na unatosha.

Mwenye alikuwa benchi ya pili

Wakati sisi tunagawa 8 200 kwa 20, ku benchi ya pili kulikuwa kijana mumoja wa chukudu. Chukudu yake aliilaza inje, juu yake mifuko mitatu ya makala. Alikuwa anasikiliza tangu mwanzo, hakusema kitu. Alipomaliza sahani yake, na aliimaliza mpaka ikaangaza, akatuuliza: « Na mimi, munasema nipunguze? »

Ile hatukuwa tumeitayarisha.

Tukahesabu naye. Mutu mwenye anakaa ku meza anaandika, sawa sisi, 2 000 na kidogo kwa siku inamutosha. Mwanaume mwenye anasukuma mizigo ku barabara ya mawe kutoka asubuhi mpaka magaribi anaweza kupita 3 000. Yeye asubuhi alikunywa chai na beignet mbili: 470. Saa sita, sahani ya mama: 1 500. Na jioni?

« Jioni inategemea. Kama makala imeisha, tunakula. Tangu banki zilifungwa, watu wananunua kidogo kidogo, wanalipa kesho. »

Banki za Goma zilifungwa mwezi wa kwanza 2025, na tangu pale hata mwenye mushahara anakula kwa deni. Kijana wa chukudu hana mushahara. Siku yenye jioni « inategemea », anabaki na karibu 2 000 mu mwili wenye umetumika 3 000. Ile elfu moja yenye inakosekana, inatoka ku mwili wake yeye mwenyewe. Kwa hiyo yale mafuta ya sombe yenye tulikuwa tunayasema vibaya pale benchi ya kwanza, kwake ndiyo franka yenye inanunua nguvu mingi kupita zote mu sahani.

Hatukumwambia apunguze. Tulimwambia aombe sombe mbele ya yote, na avoka siku yenye iko bei ya chini.

Mwenzetu yeye alirudia ku karatasi yake. Tulimwambia na tunaiandika hapa: sisi hatuko waganga. Kwa mwenye sukari, kalori si hesabu yote. Bugali, muchele, soda na chai ya thermos vinapandisha sukari mu damu mbio kuliko mafuta, na mutu mwenye anakunywa dawa ya sukari ao anajidunga insulini asikate chakula nusu bila kuuliza muganga wake, juu sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Alikwenda akauliza. Mara hii alipata mutu mwenye alikaa naye dakika kumi, akamuonyesha ngumi moja ya bugali, sahani nusu ya mboga, na akamwambia lengalenga yenye haikuogelea mu mafuta ni rafiki yake.

Lengalenga kwa mama inapikwa siku ya kwanza na ya ine tu. Siku zingine, walipatana hivi: upawa unaingia chini ya sufuria, unaegemea pembeni kidogo mbele ya kupakua. Tuliipima siku yenye tulirudia: tukainamisha sahani, mafuta yenye yalitiririka yakatoa gramu 20 mu kopo, ni 180 zimetoka bila kugusa majani. Bugali gramu 300. Maharagi sawa mbele. Jumla ikawa karibu 1 000, kutoka 1 500 na kidogo.

Shida ikabaki bei. Nusu bugali, bei ileile. Mwenzetu alisema haiko sawa. Mama alisema bugali imekwisha kupikwa, na ile nusu ingine atamuuzishia nani? Walibishana siku mbili, kwa heshima lakini kwa sauti, mpaka motari mumoja akaomba waache ale.

Siku ya tatu kijana wa chukudu aliingia, akakaa ku benchi yetu. Mama alikata pande la bugali kwa mwiko, nusu akaiweka mbele ya mwenzetu, nusu akaiongeza ku sahani ya kijana, na yale mafuta yenye alikuwa ameegemeza akayamiminia kijana juu ya sombe. Hakuuliza mutu. Akakamata 3 000 kwa mumoja, 3 000 kwa mwingine, akapanguza mikono.

« Sasa balansi yenu muirudishe kwa mwenyewe, » akatuambia. « Na kesho mukuje mbele ya saa saba, sombe inaishaka. »